Foleni ya Kliniki na Jirani Aliyetoka Mbali

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni hapa hapa katika mitaa yetu ya Eastlands. Popote ulipo, uwe Umoja unafua nguo, Jericho kwenye karakana, Kayole kwenye kibanda cha mboga au Eastleigh dukani, ongeza sauti ya redio kidogo. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halijaandikwa kwenye ukuta wa kliniki, lakini nalisikia karibu kila siku ya chanjo.

Wiki chache zilizopita, siku ya kliniki ya watoto, akina mama walianza kupanga laini kabla ya jua kuchomoza. Ilipofika saa nne, benchi zote zilikuwa zimejaa na wengine walikuwa wamesimama nje, watoto mgongoni. Tulikuwa wauguzi wawili. Mama mmoja akasimama, akaniambia kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Sista, sisi ndio tunalipa kodi. Lakini tazama laini, nusu ni wageni. Kwa nini hawa wasitibiwe kwao, nasi tupate nafasi?" Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akacheka.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mama mwingine, mgeni, na mtoto wa miezi 9. Alikuwa amemleta kwa chanjo ya ukambi. Sijui alielewa maneno kiasi gani, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Akamfunga mtoto vizuri, akachukua mkoba wake, akatoka. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka.

Mpenzi msikilizaji, sitaki kuanza kwa kumlaumu yule mama aliyeuliza. Alikuwa amechoka. Alikuwa ameacha biashara yake tangu alfajiri. Swali lake linaulizwa katika matatu, kwenye kinyozi na hata makanisani na misikitini. Linastahili kujibiwa kwa ukweli. Kwa hivyo leo tutajiuliza mambo matatu. Kwanza, foleni hii imeletwa na nini? Pili, je, tukiwafukuza wageni, foleni itapungua? Tatu, wewe na mimi tufanye nini?

Tuanze na la kwanza. Je, ni kweli kliniki zetu zimelemewa? Ndiyo, zimelemewa. Mimi sitakudanganya hewani. Kuna siku dawa zinaisha kabla ya saa sita. Kuna siku muuguzi mmoja anapima wajawazito, anachanja watoto na tena anafunga kidonda. Huo si uvumi, ndiyo hali tunayofanyia kazi.

Na je, ni kweli wageni wako? Ndiyo, wako. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Kakuma ikafuata mwaka 1992, watu wakikimbia vita vya Sudan. Wengi wamebaki kambini, lakini wengine wamekuja mjini kutafuta kazi, shule au matibabu. Utawapata Wasomali na Waoromo pale Eastleigh. Utawapata Wakongo wakiuza vitenge na Warundi wakitembeza njugu karanga kutoka mtaa hadi mtaa. Wako Waganda na Watanzania pia, majirani zetu wa Afrika Mashariki. Na tukumbuke jambo moja ambalo watu husahau: si kila Msomali unayemwona ni mkimbizi. Wapo Wakenya Wasomali ambao babu zao walizaliwa hapa Nairobi, na kitambulisho chao ni kama changu na chako.

Sasa tufanye hesabu kidogo, msikilizaji, hesabu ya darasa la nne tu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 3,138,369 hapa Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ikahesabu watu 4,397,073. Kwa miaka 10 tu, jiji liliongezeka watu zaidi ya milioni moja na robo. Sasa wakimbizi walioandikishwa mijini ni wangapi? Kwa miaka ya karibuni ni kama laki moja hivi, na hao hawakuja wote kwa siku moja. Wengine wako hapa tangu miaka ya 1990. Ongeza juu yao wageni wasioandikishwa, tuseme uzidishe mara mbili, hata mara tatu. Bado hujafikia hata theluthi ya wale milioni moja na robo.

Basi hao wengine ni nani? Ni sisi. Ni watoto waliozaliwa Pumwani na Mama Lucy. Ni binamu yako aliyekuja kutoka Kitui kutafuta kibarua. Ni dada yangu aliyeolewa akahamia Dandora. Zamani ploti ilikuwa na nyumba moja na uwanja wa kuanikia nguo. Siku hizi ploti ile ile ina ghorofa sita au saba, na kila mlango una familia. Lakini kliniki tunayoitumia ni ile ile iliyojengwa na baraza la jiji wakati wa zile nyumba za chini. Watu wameongezeka, vyumba vya kliniki havijaongezeka kwa mwendo huo.

Kuna mengine. Mwaka 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Kenya iliahidi pia, na mpaka leo haijawahi kufikisha. Mwaka 2017 sisi wauguzi tuligoma kwa miezi mitano, na kliniki nyingi za umma zikafungwa. Wewe mama uliyejifungulia nyumbani mwaka ule, mlango wako wa kliniki haukufungwa na mkimbizi. Ulifungwa na mabishano ya mishahara baina yetu na serikali. Ninasema hivi kwa sababu ukiukosea ugonjwa jina, utaupa dawa isiyofaa. Na ukikosea chanzo cha foleni, utamfokea mtu ambaye hana uwezo wa kuipunguza.

Sasa tuje kwa jambo la pili. Tuseme tunawafukuza wageni wote kwenye laini. Je, foleni itapungua? Asubuhi hiyo moja, ndiyo, utaona nafasi kwenye benchi. Lakini nikueleze kinachotokea baadaye.

Tutazame ukambi kwanza. Huu ni ugonjwa unaosafiri kwa hewa. Mtoto mwenye ukambi akikohoa chumbani kisha akatoka, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 ambao hawana kinga. Ili tuuzuie katika mtaa, inatubidi tuchanje karibu watoto 95 kati ya kila 100. Sikiza vizuri: watoto wa mtaa, si watoto wa Wakenya peke yao. Ukambi ukiingia katika ploti hauulizi kitambulisho. Mwaka 2005 ulianza kuonekana hapa kwetu Eastleigh, na mwaka uliofuata ulikuwa umeenea sehemu nyingi za nchi. Uliwapata watoto ambao hawakuwa na kinga, wageni na wenyeji.

Tutazame polio. Mwaka 2006, baada ya miaka 22 bila mgonjwa, Kenya ilipata tena mgonjwa wa polio, mtoto katika kambi ya Dadaab. Baadaye, mwezi Machi 2018, wataalamu walichukua maji taka ya Eastleigh wakayapima, wakakuta kirusi cha polio ndani yake. Mwaka 2024 kirusi kikaonekana tena, Kakuma na hapa Kamukunji. Hiki cha miaka ya karibuni ni aina inayozuka mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Sasa, msikilizaji, kati ya watu 200 wanaoambukizwa polio, ni kama mmoja tu anayepooza. Wale wengine wanatembea, wanacheza, wanatumia choo cha pamoja, na huwezi kuwajua. Utamfukuza nani, ikiwa humjui aliye nacho? Njia ni moja tu, kila mtoto apate matone na sindano yake. Mtoto aliyeachwa nje ya laini ndiye anayekipa kirusi mahali pa kukaa.

Ugonjwa wa tatu ni kifua kikuu, yaani TB. Na hapa, wapenzi wasikilizaji, nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimemaliza diploma yangu karibuni, nikawekwa katika chumba cha TB cha kituo kimoja cha umma. Alikuwapo mama mmoja aliyetoka Somalia, aliyekuwa akipika sambusa na kuuza. Alianza dawa mwezi Januari. Alikuwa mgonjwa mzuri, hakukosa siku. Ilipofika mwisho wa Machi alikuwa amemaliza ile miezi miwili ya kwanza, kikohozi kimekata na mwili umeanza kurudi. Zilibaki dawa za miezi minne.

Wengi wenu mnakumbuka mwezi Aprili mwaka ule. Mji ulikuwa na hofu. Watu walikuwa wamelipukiwa na mabomu, na wengine walikuwa wamezika. Serikali ikaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Watu kwa maelfu walikamatwa, wengi kutoka Eastleigh, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Siku ya kuchukua dawa, yule mama alikuja. Chumba kilikuwa kimejaa. Mwanaume mmoja akasema kwa nguvu kwamba watu wa aina hii ndio wanaotuletea taabu. Mimi nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa na hofu pia. Nikamwambia yule mama, "Kama huna karatasi, kaa pembeni kwanza, tuwahudumie hawa wenye vitambulisho."

Dawa za TB hazihitaji kitambulisho. Nilijua hivyo, tulifundishwa chuoni. Kadi yake ya matibabu ilikuwa mkononi mwake. Lakini nilimweka pembeni. Alikaa mpaka saa tisa hivi. Nilipoinua kichwa kumtafuta, hakuwapo. Simu yake ikawa imezimwa. Wiki ikapita, kisha mwezi.

Alirudi Julai. Hakuja peke yake, aliletwa na jirani yake, mama mboga Mkenya. Alikuwa anakohoa upya na amekonda kuliko mara ya kwanza. Yule mama mboga alikuwa amembeba kijana wake wa miaka mitatu, ambaye alikuwa akimwachia huyu jirani kila anapokwenda sokoni alfajiri. Mtoto alikuwa haongezi uzito, ana homa za jioni, anakohoa. Tulimpima. Naye alikuwa na TB.

Siwezi kuapa kwamba mtoto aliipata kwa yule mama. TB iko katika matatu, iko katika madarasa, iko kila mahali penye watu wengi na hewa kidogo. Lakini najua kwamba mgonjwa anayemeza dawa zake vizuri huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Na najua kwamba mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka. Na najua ni nani aliyemwambia akae pembeni.

Yule mama alianza upya. Kwa utaratibu wa wakati ule, aliyekatiza dawa alitibiwa miezi 8, na ile miwili ya kwanza alidungwa sindano kila siku. Mama mboga alikuwa akimleta asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akanijibu, "Sista, ukuta wetu ni bati. Akikohoa yeye, nasikia mimi." Wote wawili walipona, mama na yule kijana. Lakini tazama hesabu yake. Mgonjwa mmoja aliyebakiza miezi minne akageuka wagonjwa wawili, wenye miezi 14 ya matibabu kati yao, sindano 60, na safari nyingi za kliniki. Nilidhani nimepunguza foleni kwa mtu mmoja. Kumbe niliirefusha.

Hilo ndilo jibu la swali letu la pili. Mgonjwa anayefukuzwa mlangoni hapotei. Anarudi ploti, analala nyuma ya ukuta wako, na siku nyingine anarudi kliniki akiwa na hali mbaya zaidi, na wengine nyuma yake. Mama mjamzito aliyeogopa kliniki ataletwa usiku akivuja damu, na hapo atahitaji daktari, damu na kitanda. Kumpima mapema kungekuwa kazi ya dakika chache.

Pia tukumbuke sheria inasema nini. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya huduma za afya, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikuandikwa kila raia. Imeandikwa kila mtu. Chanjo za watoto katika vituo vya umma hutolewa bure. Dawa za TB hutolewa bure. Zilifanywa bure kwa faida yetu sote, kwa sababu magonjwa haya ya kuambukiza hayazuiliki kwa kumtibu mmoja na kumwacha mwingine.

Na kama unaona jambo hili ni geni, tazama historia ya mitaa yetu. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mji ukiwa bado mchanga, wakubwa wa wakati ule walichoma moto soko la Wahindi. Baadaye mababu zetu wenyewe wakawa ndio wageni. Walitembea na kipande shingoni, na polisi aliweza kuwasimamisha popote kuwauliza wanatafuta nini mjini. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Waliambiwa wao ndio uchafu, wao ndio magonjwa. Eastlands ilijengwa kwa ajili ya watu waliotoka mahali pengine. Ukimuuliza mkazi wa hapa kwao ni wapi, atakutajia kijiji kilicho mbali.

Na leo pia watoto wetu ni wageni kwa watu. Mwezi Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko. Wenzangu wako huko sasa. Na huko nako kuna watu wanaosimama kwenye foleni ya hospitali wakilalamika kwamba wageni wamejaza, ilhali muuguzi atakayewahudumia ametoka Kisii au Nyeri. Je, tungependa wenzetu hao waambiwe wakae pembeni?

Basi, msikilizaji, tufanye nini? Nitataja mambo saba. Kama una kalamu, andika.

La kwanza, chukua kitabu cha kliniki cha mtoto wako leo jioni ukitazame. Chanjo ni wakati wa kuzaliwa, kisha wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha ukambi miezi 9, na ukambi tena mwaka mmoja na nusu. Hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa sana. Kama imepita, usione haya, mlete tu. Kinga ya kwanza ya mtoto wako ni kuchanjwa yeye mwenyewe.

La pili, kama una jirani mgeni mwenye mtoto mdogo au mwenye mimba, mwambie siku ya kliniki ni lini. Ukiweza, mje pamoja. Kama unajua lugha yake, tusaidie kufasiri. Dakika tano za kufasiri hutuokoa nusu saa ya kuashiria kwa mikono.

La tatu, kikohozi kisichoisha, hasa kikipita wiki mbili, pamoja na homa, kutoka jasho usiku na kukonda, kipimwe. Awe ni wewe, awe ni mpangaji mwenzako. Usimnunulie dawa ya kikohozi dukani wiki baada ya wiki. Na chumba kifunguliwe dirisha.

La nne, wewe uliyetoka nchi nyingine na unanisikiza, njoo kliniki. Kama umepoteza kitabu cha mtoto, njoo. Kama karatasi zako zimekwisha muda, njoo. Mimi ni muuguzi, si polisi. Tupe jina lako sawasawa na namba ya simu, na utuambie unaishi ploti gani, ili tukupate ukikosa dawa. Kama ulianza matibabu kambini au nchi nyingine, leta karatasi au hata pakiti tupu ya dawa. Ukitaka kuhama, tuambie kabla, tukuandikie barua ya kituo kingine. Na ukifika, panga laini kama wengine.

La tano, kuhusu hiyo laini. Katika kliniki, mtu hutangulia kwa sababu mbili tu, alifika mapema au ni mgonjwa sana. Mtoto anayetetemeka kwa degedege atapita mbele yako, awe wa nani. Kesho anaweza kuwa wako. Na ukimwona mtu anapitishwa mlango wa nyuma kwa kutoa kitu kidogo, huyo ndiye wa kulalamikia, awe mgeni au mwenyeji, na muuguzi aliyepokea alalamikiwe pia.

La sita, peleka malalamiko mahali yanapoweza kufanya kazi. Kituo cha afya cha umma kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Uliza ni nani anayewakilisha mtaa wako. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, hudhuria, hata kama ni saa moja. Usiseme tu kwamba foleni ni ndefu. Sema tunataka muuguzi wa tatu siku za chanjo, tunataka friji ya chanjo itengenezwe, tunataka kliniki ifunguliwe mapema. Mwakilishi wa wadi anajua kukwepa lawama, lakini ombi lenye idadi linamsumbua. Na wageni waliohesabiwa wanatusaidia hapo, kwa sababu dawa huagizwa kwa kutazama idadi ya waliohudumiwa. Mgonjwa tuliyemfukuza hayumo katika daftari, lakini ugonjwa wake umo mtaani.

La saba, wenye ploti na makeateka, wafungulieni geti wahudumu wa afya ya jamii na timu za chanjo. Msiwafiche wapangaji wenu wageni kwa kuogopa maswali. Wahudumu wetu wanauliza miezi ya mtoto, hawaulizi amezaliwa nchi gani.

Kwa wauguzi wenzangu mnaonisikiza, nawaambia moja tu. Tunachoka, na uchovu ni wa kweli. Lakini watu wa kwenye benchi wanatazama uso wetu kabla ya kuamua wamtendee vipi aliye karibu nao. Siku ile mwaka 2014, kama ningesema, "Mama, lete kadi yako," yule mwanaume angenyamaza.

Siku ile ya juzi nilijitahidi kufanya vizuri zaidi. Yule mama aliyeuliza swali, nilimjibu mbele ya wote kama nilivyowajibu ninyi sasa, kwa kifupi. Alisikiliza. Akaniuliza, "Kwa hivyo huyo mtoto aliyetoka asipochanjwa, wangu ndiye ataugua?" Nikamwambia wake amechanjwa, ana kinga nzuri, lakini yule mchanga wa dada yake ambaye hajafika miezi 9 hana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi arudi." Alituambia anadhani alimwona yule mama upande wa nyuma ya soko. Mhudumu wetu wa afya ya jamii amekwenda huko mara mbili akiuliza mlango kwa mlango. Mpaka leo ninapozungumza nanyi, hatujampata.

Kwa hivyo, kama uko karibu na kituo chochote cha afya hapa Eastlands, na katika ploti yenu kuna mama aliyetoka mbali, ana mtoto wa miezi kama 10 sasa, na haendi kliniki, tafadhali gonga mlango wake. Si lazima awe yule yule. Mwambie kliniki iko wazi, na nafasi yake kwenye benchi ipo. Kisha uje naye.

Mpaka tukutane tena wiki ijayo, nawatakia afya njema. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, watu hulalamikia nini kuhusu kliniki? Ni malalamiko yapi yanayoweza kupelekwa kwa kamati ya kituo, na nani atayapeleka?

2. Katika ploti yako kuna watoto wangapi walio chini ya miaka miwili? Je, unajua kama wote wamechanjwa ukambi mara ya kwanza na ya pili?

3. Mtu akimfokea mgeni kwenye foleni ya kliniki, sisi tulioketi hapo tuseme nini?